Dabo za wanawake Olimpiki ndo tenisi yenyewe, mashabiki wa Djokovic mnisamehe

Tarehe 4 Agosti 2024 pale Roland Garros, Paris, kwenye ule uwanja mkubwa wa Philippe-Chatrier zilichezwa fainali mbili za Olimpiki siku moja. Ya kwanza mnaijua wote, singo ya wanaume (mmoja kwa mmoja), Djokovic na Alcaraz, seti mbili na zote zikaamuliwa kwa taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), mzee akapata dhahabu aliyoisaka miaka yote akaangua kilio dunia nzima ikimtazama. Nyingine ilikuwa ya dabo za wanawake, yaani wawili kwa wawili, Italia wanacheza na wasichana wawili ambao hawakuwa hata na bendera, na hii watu wengi waliikuta tu kwenye matokeo usiku, wakasoma Errani na Paolini wamechukua dhahabu, haya hongera zao, wakarudi kuangalia machozi ya Djokovic kwa mara ya kumi. Mi niliiangalia yote. Na leo ukiniuliza mechi gani ya michezo ile imenikaa kichwani naitaja hiyo bila kusita.

Nina rafiki ambaye tukigusa tu mada hii ananikata palepale, anasema dabo ni ya wazee na ya walioshindwa singo. Huwa namwacha amalize halafu namuuliza, kama ni ya walioshindwa, mbona Venus na Serena Williams walikuwa wanaigombania kama hawana kitu kingine kabatini? Hapo huwa anabadilisha mada.

Kitu ambacho watu hawakizingatii ni hiki, dabo ya Olimpiki siyo ile dabo ya kila wiki. Kwenye mashindano ya kulipwa mchezaji anajitafutia mwenza popote duniani, Mjapani na Mhispania, Mcheki na Mmarekani, mkiona hamuivi mnaachana mwisho wa mwezi na hakuna anayeuliza. Olimpiki bendera kwanza. Mwenza wako lazima awe wa nchi yako, nchi haipeleki zaidi ya timu mbili, timu zote ni 32 na ukitaka dhahabu unashinda mechi tano basi. Kwa hiyo unakuta mtu mwenye mwenza wake wa mwaka mzima anamwacha mlangoni, anaungana na mtu ambaye pengine hawajacheza pamoja miezi kadhaa, yaani ni ndoa ya mkeka kabisa, na wiki moja baadaye mnatakiwa muwe mnasomana kwa jicho tu. Wengine inawashinda siku ya kwanza. Wengine inakubali mpaka unashangaa.

Angalia mwaka huohuo wa 2024. Mwezi Juni, hapohapo Roland Garros, dabo za French Open zilichukuliwa na Coco Gauff wa Marekani akiwa na Katerina Siniakova wa Cheki, na waliofungwa fainali ni nani? Errani na Paolini haohao. Miezi miwili haijatimia Olimpiki inarudi kwenye udongo uleule mwekundu, ila sasa Gauff na Siniakova hawawezi kucheza pamoja. Gauff anasimama na Jessica Pegula, wamepangwa namba moja kwenye ratiba. Siniakova anasimama na Barbora Krejcikova, na hao ndo walikuwa mabingwa watetezi, dhahabu ya Tokyo ilikuwa yao. Ukiangalia kwenye karatasi unasema fainali ni hao kwa hao. Hakuna hata timu moja kati ya hizo mbili iliyofika nusu fainali! Gauff na Pegula walitolewa mapema kabisa na Wacheki wengine, Karolina Muchova na Linda Noskova, tena baada ya kushinda seti ya kwanza. Krejcikova na Siniakova wakatolewa robo fainali na wale watoto wasio na bendera, ambao nitawafikia.

Sasa Errani. Huyu dada ndo sababu ya mimi kuandika yote haya kwa hiyo mnivumilie.

Sara Errani ana urefu wa mita 1.64. Paolini ana 1.63. Yaani timu nzima ya Italia hakuna aliyefika hata 1.65, kwenye mchezo ambao sa hivi wasichana wa 1.80 wanapiga servi, yaani mpira wa kuanzisha pointi, utafikiri wanatoboa uwanja. Na servi ya Errani, jamani, ni mojawapo ya servi dhaifu kuliko zote nilizowahi kuona kwa mchezaji wa kiwango hicho, wala sisemi kwa dharau, kila mtu kwenye tenisi anajua na yeye mwenyewe anajua. Mpira unatoka polepole, unapanda, unashuka, mpokeaji ana muda wa kuchagua. Kuna kipindi kiliwahi kumharibikia mpaka akawa anaanzisha mpira kwa chini, mkono haupandi juu ya bega, watu jukwaani wanacheka. Kwenye singo servi ya namna hiyo ni kujitangazia msiba. Kwenye dabo, ukiwa na akili, unaweza kuishi nayo, na hapa ndo utamu ulipo.

Nieleze kidogo kwa wasiofuatilia. Kwenye dabo uwanja unapanuka, vile vichochoro viwili vya pembeni ambavyo kwenye singo mpira ukidondokea humo umetoka, sasa vinahesabika, upana unakuwa mita 10.97 badala ya 8.23. Kwa hiyo kuna nafasi zaidi ya kupiga ila kuna watu wawili wa kuziba. Kabla ya kila pointi angalia yule aliyesimama karibu na neti, anaficha mkono mmoja nyuma ya mgongo na anaonyesha vidole au anakunja ngumi, mwenzake aliye nyuma anasoma ndo anarusha mpira. Anamwambia mimi nakatiza au nabaki, wewe peleka servi kati au pembeni. Wakati mwingine unaona mikono imepanda midomoni wananong'onezana, mkono unafunika mdomo ili wapinzani wasisome. Halafu kuna ile staili ambayo wa mbele anachuchumaa katikati kabisa karibu na neti, kichwa chini ya utepe mweupe, na mpira unapopita juu yake anachomoka kushoto au kulia na mpokeaji hajui ataenda wapi. Sasa piga picha wewe ndo unapokea servi ya Errani. Mpira mwenyewe mwepesi, unaweza kuuponda, lakini jicho moja liko kwa Paolini aliyeanza kutikisika pale neti, ana miguu ya kasi balaa, na nusu sekunde uliyotakiwa kuitumia kupiga unaitumia kujiuliza. Unapiga kwenye neti. Errani anarudi kwenye mstari kama hakuna kilichotokea.

Ndo maana nasema servi ya dabo siyo ya mtu mmoja.

Na Errani hakuanza jana. Zamani aliungana na Mwitaliano mwenzake Roberta Vinci na walichukua Grand Slam zote nne za dabo (yale mashindano manne makubwa ya mwaka), French Open na US Open 2012, Australia 2013 na 2014, wakamalizia na Wimbledon 2014. Kila kitu kasoro Olimpiki. London 2012 walikuwa moto kwelikweli lakini robo fainali wakapangwa na Venus na Serena, kwenye nyasi za Wimbledon, sina haja ya kuendelea. Rio nako wakatoka bila medali, wakati huo wameshaacha kucheza pamoja muda mrefu wakarudiana kwa ajili ya Olimpiki tu. Halafu ikaja habari mbaya zaidi, mwaka 2017 akapatikana na dawa ambayo mama yake alikuwa anaitumia kwa matibabu ya saratani, yeye akasema iliingia kwenye chakula cha nyumbani, shirikisho la kimataifa likakubali kuwa hakukusudia likampa miezi miwili, kesi ikapelekwa mahakama ya michezo ikawa miezi kumi. Mtu wa miaka thelathini, servi mbovu, ametoka kifungoni, rankingi imeporomoka. Wangapi hapo wangebaki?

Alibaki. Akaanza kucheza na Jasmine Paolini, mdogo wake kwa miaka karibu tisa, na nia ilikuwa Paris toka mwanzo. Paolini kwa upande wake ana hadithi yake, mama yake ana damu ya Poland na Ghana (ndiyo, babu mzaa mama ni Mghana, waafrika wenzangu tupeane mikono), na hadi anafikisha miaka ishirini na saba hakuna aliyekuwa anamtaja kwenye mambo makubwa. Halafu 2024 ikamfungukia vibaya mno na vizuri mno kwa pamoja. Tarehe 8 Juni kapoteza fainali ya singo French Open kwa Swiatek. Kesho yake kapoteza fainali ya dabo pale pale. Tarehe 13 Julai kapoteza fainali ya Wimbledon kwa Krejcikova, seti tatu. Fainali tatu kubwa ndani ya wiki tano na kabati tupu. Wengine wangeomba likizo, yeye alipanda ndege akaenda Paris na mdomo umejaa tabasamu, sijui huwa anakula nini yule dada maana hata akifungwa anacheka.

Sasa ile fainali. Ng'ambo ya neti walikuwa Mirra Andreeva na Diana Shnaider. Ni Warusi, ila Paris Warusi waliruhusiwa kama watu binafsi tu, hakuna bendera wala wimbo wa taifa, kwenye ubao wanaandikwa AIN na medali yao haihesabiki kwenye msimamo wa nchi. Sitaki kuingia kwenye siasa zake, naongelea picha tu, kwamba kwenye mashindano ambayo kila kitu ni bendera, wale wawili walikuwa wanacheza kwa ajili ya wao wenyewe na basi. Shnaider ana miaka 20, anatumia mkono wa kushoto, kichwani kafunga kile kitambaa chake kama bibi anayeenda shambani. Andreeva ana 17. Kumi na saba! Na kuna kitu ambacho nilipokigundua nilicheka peke yangu, Errani kazaliwa tarehe 29 Aprili 1987 na Andreeva kazaliwa tarehe 29 Aprili 2007, yaani siku moja, wamepishana miaka ishirini kamili. Wakati Andreeva anazaliwa Errani tayari alikuwa anakula mkate wa tenisi.

Seti ya kwanza watoto waliwachapa wakubwa 6-2. Haikuwa bahati, walikuwa wanapiga ngumu, wanarudisha servi miguuni, na ile servi ya Errani ikawa inaliwa kama nilivyoogopa. Nikajua imeisha. Seti ya pili sijui walikubaliana nini kwenye kile kiti maana waliporudi ulikuwa mchezo mwingine, mipira inapanda juu, mirefu, yenye mzunguko mwingi, inadunda kwenye udongo inapita mabega, wale watoto wanalazimika kupiga kutoka nyuma, na wakisogea mbele unakuja mpira wa kudokolewa taratibu nyuma ya neti. 6-1. Nguvu zilezile za seti ya kwanza zikawa zinakosa pa kutulia. Hii ndo tenisi ya udongo ya kizamani ambayo Errani kakulia nayo, na ukiwa na miaka 17 hujapata muda wa kuichukia ipasavyo.

Halafu sheria ya dabo ya Olimpiki, hakuna seti ya tatu. Zamani ilikuwepo na ilikuwa ndefu, fainali ya Seoul 1988 Wamarekani Pam Shriver na Zina Garrison waliwafunga Jana Novotna na Helena Sukova wa Czechoslovakia na seti ya tatu ilienda mpaka 10-8. Gemu kumi kwa nane! Sasa hivi mkigawana seti moja moja mnacheza super taibreki, wa kwanza kufika pointi kumi akiwa na tofauti ya mbili, mchezo umekwisha. Kuna wanaoichukia wanasema ni bahati nasibu. Mi naipenda, ila naipenda kama anayeangalia, ningekuwa nacheza ningeandamana. Maana Olimpiki zako zote tano, kwa sababu Errani Paris ilikuwa Olimpiki yake ya tano kuanzia Beijing 2008, zinabanwa kwenye dakika kama kumi na tano na kosa moja la mguu linaweza kukurudisha nyumbani na fedha badala ya dhahabu. Wakashinda 10-7. Dhahabu ya kwanza ya tenisi katika historia ya Italia, nchi ambayo wakati huo ina Sinner namba moja wa dunia kwa wanaume (Olimpiki hakucheza, alikuwa mgonjwa wa tonsili), na walioileta ni wadada wawili wafupi kwenye dabo. Errani akiwa na miaka 37 akakamilisha vyote, Grand Slam nne na Olimpiki.

Andreeva naye hakutoka mikono mitupu, fedha kwa umri ule siyo mchezo, tangu Jennifer Capriati mwaka 1992 hapakuwa na mtoto wa umri huo aliyepata medali ya tenisi Olimpiki. Na tazama aliyekaa kwenye benchi lake. Kocha wake wakati ule ni Conchita Martinez wa Hispania, ambaye mwenyewe ana medali tatu za dabo za Olimpiki, fedha Barcelona 1992 na Arantxa Sanchez Vicario, shaba Atlanta 1996, fedha tena Athens 2004 na Virginia Ruano Pascual. Medali tatu, dhahabu hakuna. Halafu anakaa pale anaangalia mwanafunzi wake anapata fedha ya dabo kwa super taibreki. Sidhani kama kuna mtu duniani aliyekuwa na maneno sahihi zaidi ya kumwambia yule binti siku ile.

Shaba ilienda kwa Wahispania, Cristina Bucsa na Sara Sorribes Tormo, 6-2 6-2 dhidi ya Muchova na Noskova, mechi fupi, hongera zao. Ila mechi ya shaba yenyewe kama wazo ni kitu kitamu sana kwenye Olimpiki. Kwenye Grand Slam ukifungwa nusu fainali unaoga unaenda uwanja wa ndege. Hapa unafungwa nusu fainali unalia usiku, kesho au keshokutwa unarudi kucheza mechi ambayo ni kubwa kuliko ile uliyofungwa. Zamani walikuwa wanagawa shaba mbili kwa waliofungwa nusu fainali, ndo maana hata Steffi Graf ana shaba ya dabo ya 1988, mwaka wake ule wa maajabu. Kuanzia Atlanta 1996 inapiganiwa.

Na mechi ya shaba kali kuliko zote kwangu ni ya Tokyo. Laura Pigossi na Luisa Stefani wa Brazil. Hawa hata hawakuwa kwenye orodha, nafasi ilifunguka dakika za mwisho wakapata taarifa kama wiki moja kabla, Stefani alikuwa mchezaji mzuri wa dabo tayari lakini Pigossi alikuwa mbali huko chini watu hawamjui. Wakaenda. Raundi ya pili dhidi ya Pliskova na Vondrousova wa Cheki waliokoa mechi pointi (ile pointi ambayo mpinzani akiipata mechi imeisha) wakashinda super taibreki 13-11. Robo fainali wakafungwa seti ya kwanza 6-1 na Wamarekani Pegula na Mattek-Sands, wakageuza. Nusu fainali wakafungwa na Waswisi. Halafu mechi ya shaba, wapinzani ni Veronika Kudermetova na Elena Vesnina, na Vesnina alikuwa na dhahabu ya Rio nyumbani. Super taibreki, Wabrazil wako nyuma 5-9. Mechi pointi nne mfululizo za kuokoa. Uwanja hauna watazamaji kwa sababu ya korona, unasikia viatu tu vinavyokwaruza na wao wawili wanapigiana kelele za Kireno. Tano tisa, sita, saba, nane, tisa kwa tisa. 11-9. Medali ya kwanza kabisa ya tenisi kwa Brazil, nchi ambayo imemzaa Guga Kuerten na yeye hakupata. Niliruka kwenye kiti na mimi siyo Mbrazil wala sina ndugu huko.

Hiyo ndo ndoa ya mkeka iliyokubali. Nyingine ni ya Rio 2016, Martina Hingis alitakiwa acheze na Belinda Bencic, Bencic akaumia, akaingia Timea Bacsinszky, wakafika fainali wakapata fedha. Hingis ana miaka 35, Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Atlanta miaka ishirini nyuma, na hiyo fedha ndo medali yake pekee. Bencic naye hakusahaulika, Tokyo alichukua dhahabu ya singo na fedha ya dabo na Viktorija Golubic.

Sasa huwezi kuongelea mada hii bila wale dada wawili. Venus na Serena, Sydney 2000 dhahabu, fainali wakawafunga Waholanzi 6-1 6-1. Athens hawakucheza pamoja. Beijing 2008 dhahabu, Wahispania 6-2 6-0. London 2012 dhahabu, na hiyo Serena alikuwa ametoka jana yake tu kumfunga Sharapova 6-0 6-1 kwenye fainali ya singo, akalala, akaamka, akachukua nyingine. Wale hawakuhitaji ishara za mgongoni, wamekulia chumba kimoja. Ukijumlisha Olimpiki zote mechi 15 walishinda na moja wakafungwa, ile ya raundi ya kwanza Rio, Lucie Safarova na Barbora Strycova wa Cheki ndo waliowavunjia ukuta. Na ukitazama utaona kwamba kuanzia 1988 mpaka 2012 Marekani walichukua dhahabu ya dabo za wanawake kila mara isipokuwa Athens 2004 tu, ambapo Wachina Li Ting na Sun Tiantian, ambao hakuna aliyewapigia hesabu, waliibuka na dhahabu ya kwanza ya tenisi kwa China. Kabla ya akina Williams kulikuwa na Gigi Fernandez na Mary Joe Fernandez, dhahabu mbili 1992 na 1996, jina moja la ukoo na wala hawana undugu. Ila tangu Rio Marekani hawana hata shaba ya tukio hili. Wana wachezaji wengi wakubwa lakini wote ni wa singo, dabo wanaikuta njiani, na hapo ndo ninapomwambia yule rafiki yangu kwamba kama dabo ingekuwa ya walioshindwa singo basi Marekani wangekuwa wanazoa dhahabu bila kutoka jasho.

Malalamiko yangu ni kwenye ratiba. Olimpiki inabana singo, dabo na mseto (mwanamume na mwanamke) ndani ya siku tisa, kumi, mchezaji mmoja anaweza kuwa kwenye matatu yote, jua la Paris mwaka ule lilikuwa kali na mvua nayo ikaingilia, unakuta mtu ametoka kupigana saa mbili na nusu kwenye singo jioni wanamwita tena dabo uwanja namba saba huko pembeni. Wengine wanajitoa kulinda singo, na mashindano yakishaanza hupati mwenza mwingine, ukiumia mwenzako naye kaisha. Hiyo inaumiza. Na televisheni nazo, nusu fainali nzima ya dabo unaikuta imewekwa kwenye chaneli ambayo unaitafuta kama sindano, wakati kwenye chaneli kuu wanaonyesha marudio.

Mtu atauliza, sisi je? Jukwaa la dabo za wanawake Olimpiki hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kupanda, hata mara moja. Lakini tusisahau kwamba Angella Okutoyi wa Kenya taji lake la Wimbledon ya vijana 2022 ni la dabo, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wakafungwa seti ya kwanza, wakashinda ya pili, wakamaliza kwa super taibreki 11-9, Mkenya wa kwanza kuchukua taji la Grand Slam kwa ngazi yoyote. Kwa hiyo uwezo wa dabo tunao, kinachokosekana ni mwenza wa bendera moja mwenye rankingi ya kuwavusha wote wawili, na hapo ndo Olimpiki inapokuwa katili, mchezaji mmoja mzuri hatoshi.

Wale wanne wa fainali ya Paris wameendelea. Andreeva na Shnaider walichukua dabo za Miami 2025. Halafu Juni 2025 wakarudi Roland Garros wakakutana tena na Errani na Paolini, safari hii nusu fainali ya French Open, na nilijiandaa kwa marudio ya ile fainali, nikajua watoto sasa wamekua watalipiza. 6-0 6-1 kwa Waitaliano! Na taji wakalichukua.

Los Angeles 2028 uwanja siyo udongo, ni uwanja mgumu, mpira unakimbia na servi nyepesi inaadhibiwa. Errani atakuwa na miaka 41. Andreeva 21, na kama ataruhusiwa kubeba bendera au la hatujui. Mi natamani kuona Gauff atasimama na nani, maana nyumbani kwao watataka dhahabu irudi na nafasi ni timu mbili tu kwa wachezaji kama ishirini wanaojiona wanastahili, hapo kwenye uteuzi patakuwa na vita kabla hata mpira mmoja haujarushwa.